Filta ya koni kwa Boxer: kelele tele, nguvu iko wapi?

Haya jamani, salaam aleykum na karibuni tena. Leo tuko Malindi, na hiki nilichoshika ndicho mnachoniuliza kila nikifungua inboksi, filta ya koni, yani ile ya kuchuja hewa ya injini yenye umbo la koni, isiyokaa ndani ya boksi. Nimeifunga kwa hii pikipiki ya Boxer 150, boksi la eya klina, lile linalobeba filta yake ya kiwandani, tumelitoa lote, koni imekaa moja kwa moja kwa mdomo wa kabureta, pale petroli yachanganyika na hewa, na yapendeza wallahi, mtu akipita lazima ageuze shingo.

Sasa sikizeni. Hii ndiyo sauti ya boksi lake... na hii ni koni. Mwaisikia? Hapo ndipo wengi twadanganyika, manake ule mvumo wa hewa uko hapa karibu na goti na masikio yakwambia pikipiki yaruka, lakini nimempakia mtu mzima nyuma nikapanda ule mwinuko baada ya daraja la Sabaki ukienda Mambrui, na koni ndiyo iliyonilazimisha nirudishe gia, lakini kwa boksi lake pikipiki ilipanda bila maneno.

Kwa nini? Petroli yataka hewa kwa kipimo, kwa uzani ni kama hewa 14.7 kwa petroli 1, na kabureta hii ilipangwa kiwandani ikiwa na boksi lake nyuma. Ukilitoa, hewa yaingia nyingi na jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, ni ileile, sasa injini yashikwa na njaa ya mafuta: asubuhi yasumbua kuwaka, ukivuta ghafla yakohoa, ukiachia ekzosi yapasua pa! pa!, na joto lapanda. Leta kamera hapa kwa plagi. Hii sehemu ya kaure yatakiwa iwe hudhurungi, hii ni nyeupe pe. Uichape hivi mpaka Mombasa, pistoni yaweza kuungua.

Najua kuna fundi anicheka huko, asema si ubadilishe jeti. Ni kweli, ukipandisha jeti namba kadhaa na kupima plagi tena na tena itatulia, lakini utakuwa umelipa ili urudi palepale, na mafuta itakula zaidi, kwa sababu hii injini ni ndogo, 144.8cc, na boksi halikuwa laibana kitu. Halafu koni yavuta hewa ya hapa nyuma ya silinda, kwenye joto, na hewa moto ni nyepesi, haina faida. Kama umepanua silinda, umebadilisha kamshafti, ekzosi umeifungua, hapo sawa, injini yataka hewa zaidi na koni ina kazi. Boda ya kubeba abiria na magunia kutoka Kakuyuni? Acha.

Lakini lililonikera hasa si hilo. Njia za vumbi za Marafa mwazijua, lile vumbi jekundu laini. Nimepitisha kitambaa cheupe hapa kwa shingo ya kabureta, upande wa ndani, yani baada ya filta. Tizameni rangi. Hilo ni vumbi limeshavuka! Nikiielekeza koni kwa jua naona vitundu vya mwanga, sasa mwanga ukipita vumbi litashindwa na nini? Likifika kwa ringi za pistoni na silinda ni msasa, utaona oili yapungua, moshi watoka, mwisho wake ni kufungua injini. Na mvua ya Mei usiseme, koni iko wazi haina paa, dimbwi moja tu maji yavutwa ndani. Na huu mpira wa pumzi ya injini uliokuwa umechomekwa kwa boksi sasa waning'inia tu, watemea oili kila mahali.

Zuri lake, kabureta waifikia upesi, mkono waingia wote. Basi.

Pesa ya koni nunua filta mpya ya boksi na plagi, na umwambie fundi apime vali, utaisikia tofauti kwa mkono si kwa sikio. Kama yako ni ya sponji, ioshe kwa sabuni, ikauke kivulini, itie oili kidogo uibonyeze bila kuisokota. Ya karatasi usioshe, puliza pole pole kutoka ndani kwenda nje, ikishakuwa nyeusi tupa. Na nyinyi wa huko Marafa fungueni boksi kila wiki, msingoje sevisi.