Impakti ya upepo au ya betri kwa gereji ya nyumbani? Nimekaa na zote mbili hapa Dodoma

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike: kama unatengeneza gari lako mwenyewe nyumbani, IST, Noah, Hilux moja hivi, chukua impakti, yaani ile mashine ya kufungulia nati kwa kuzigonga, ya betri, yenye kichwa cha soketi cha nusu inchi, yenye betri mbili za maana. Ya upepo ni chombo kizuri sana, ila si kwa kompresa hizi tunazoweka majumbani, na hapo ndo wengi tunapotea maana unaangalia bei ya impakti yenyewe unaona rahisi, unasahau ile ni mdomo tu, tumbo ni kompresa.

Mi nakaa Nzuguni, nina IST ya kutembelea na Hilux ya zamani ya kwenda nayo shamba huko Kongwa, gereji yangu ni kibanda cha bati pembeni ya nyumba. Nlianza na upepo kwa sababu kompresa nlikuwa nayo tayari, ile ya lita 50 yenye mota ya HP 2, nlinunua ya kujazia tairi na kupulizia filta, na anayekaa Dodoma anajua vumbi la kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zije, filta usipoipuliza gari linakuwa zito barabarani. Nikasema naongeza impakti tu nimemaliza kazi.

Sasa ona ilivyokuwa. Tangi likijaa linasoma bar 8, bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa. Impakti ya nusu inchi inataka bar 6 na kidogo, yaani psi 90, na inazitaka pale kwenye mdomo wake wakati inapiga kazi, siyo wakati imetulia. Unavalisha soketi ya 21, unabonyeza, trrrrr, nati imetoka, raha mustarehe. Ya pili imetoka. Ukimaliza tairi la kwanza ukahamia la pili mshale umeshashuka chini ya 6, sauti inakuwa nzito, impakti inagonga gonga lakini nati imekaa palepale. Hapo unasimama, mota inapiga kelele zaidi ya dakika nzima ndo tangi lirudi, unafungua nati nne nyingine, unasimama tena. IST ina nati 16, piga hesabu mwenyewe.

Na hesabu yake kweli haina ujanja. Tangi la lita 50 likishuka toka bar 8 mpaka 6 limetoa lita kama 100 tu za hewa ya kawaida, na impakti ikiwa inagonga kwelikweli inaweza kumeza lita 8 mpaka 10 kwa sekunde. Kwa hiyo una sekunde kumi, kumi na mbili za nguvu kamili, basi. Halafu kuna jambo ambalo watu wa Dar hawalifikirii, sisi Dodoma tuko juu, mita 1,100 na zaidi toka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kompresa ileile iliyoko Tanga inajaza tangi haraka kuliko ikiwa hapa kwa sababu kila pistoni inavuta hewa pungufu.

Nlipambana nayo bado. Nikatoa ule mpira mwembamba wa kujikunja kama springi, unakaba hewa sana, nikaweka hozi yenye tundu la milimita 10 ndani na kapla kubwa, ile ya kuungia hozi, na hapo nguvu iliongezeka nikaisikia mkononi kabisa. Kama tayari unayo ya upepo fanya hilo kwanza kabla hujaitukana. Ila umeme ukiwa mdogo jioni mota inavuma tu haizunguki, na jenereta ndogo ya KVA 2 haiiwashi kabisa maana mota ya kompresa wakati wa kuanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka.

Kilichonimaliza ni beringi ya tairi la mbele kwenye IST. Kuitoa lazima ufungue nati ya eksel, ile namba 30, ambayo kiwandani inafungwa kwa nguvu ya Nm 216 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na juu yake wanabonda kingo ya nati iingie kwenye mfereji wa eksel ili isilegee. Nlinyoosha ule mbonyeo kwa patasi nyembamba vizuri, nikapiga upepo. Nikajaza tangi mara tatu. Nati haikuyumba hata unywele, na kila nikibonyeza bar inaporomoka kabla haijapata nguvu. Mwisho nlimwita jirani akakanyaga breki gari likiwa chini, mi nikachomeka bomba refu kwenye spana nikalalia kwa uzito wote, ikalia kaa! ndo ikaachia. Kiganja kilivimba siku mbili.

Miezi michache baadae beringi ya upande wa pili nayo ikaanza kuunguruma, na safari hii nlikuwa na ya betri. Nikavalisha soketi, nikabonyeza, ikagonga kama sekunde tano sita hivi, nati ikazunguka. Sikuamini, nikarudisha kidogo nikatoa tena kuhakikisha.

Sasa kuhusu ya betri nako kuna mitego na hapa naomba usome taratibu. Kwanza volti. Inayoandikwa 20V na inayoandikwa 18V ni kitu kilekile, ndani kuna seli 5 zimeunganishwa mstari, kila moja ni volti 3.6 kwa kawaida na 4 na kidogo ikiwa imejaa, ndo maana mmoja anaandika 18 na mwingine 20. Hizi betri zenye maandishi ya 88V, 128V, mpaka 388V ambazo zinatandazwa mezani kwa bei ya kutupa, hizo namba ni za kuuzia. Yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo, ilikufa ndani ya miezi miwili, fundi simu akanifungulia, ndani seli ni 5 tu na zenyewe ndogo. Angalia Ah, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba, badala ya volti, na uishike mkononi, betri ya Ah 4 lazima iwe nzito kuliko ya 2, nyepesi yenye namba kubwa iache hapohapo.

Pili nguvu. Kwa gari ndogo yenye nati za Nm 103 hata impakti ya Nm 280 ina uwezo wa kufungua tairi, lakini nati zikishika kutu au zimefungwa na kijana wa pancha aliyekandamiza mpaka mwisho unataka ziada, mi nashauri ianzie 400 kwenda juu na iwe ya mota isiyo na brashi, inakula betri kidogo na haichoki mapema. Betri moja ya Ah 4 ikiwa imejaa inanitosha kufungua na kurudishia tairi zote nne na kazi nyingine ndogo ndogo, betri ya pili inakaa tu.

Joto ndo adui wake. Chini ya bati mwezi wa kumi mchana, ukitoka kufanya kazi nzito ukaichomeka betri hapohapo chaja inagoma, inawasha taa nyekundu mpaka betri ipoe, na ni sahihi kugoma, lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa ya moto. Betri zangu nazilaza ndani ya nyumba, siziachi kibandani wala ndani ya gari.

Iwe ya upepo iwe ya betri, nakuomba mambo haya mawili. Nunua soketi nyeusi za impakti, zile za kung'aa ni ngumu lakini zinapasuka, na kipande kikiruka kinaelekea machoni. Na usifungie nati za tairi kwa impakti mpaka mwisho. Ikalishe nati tu halafu malizia kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103 kwa IST, kwa mpangilio wa msalaba. Nimewahi kubadilisha stadi, ile bolti nati inapokaa, iliyovutika hadi nyuzi zikaliwa kwa sababu ya hilo, na nlikuwa njiani na familia toka Mpwapwa lilipogundulika, siwezi kulichukulia kawaida.

Duka gani? Mjini utakuta Ingco, Total, Makita na nyingine. Mi naangalia kwanza drili uliyonayo nyumbani ni ya kampuni gani, chukua ya hukohuko ili betri ziingiliane, na kabla hujalipa muulize muuzaji bei ya betri peke yake na kama anayo dukani. Akibabaika ondoka. Makita kagua sana maana betri feki zenye jina lao zimejaa.

Kompresa bado ninayo na siiuzi, filta na tairi kazi yake haijaisha, kila wiki nafungua koki ya chini kutoa maji ya tangi. Impakti ya upepo nlimpa mtoto wa dada anayefanya kazi kwa mafundi tairi barabara ya Singida, kule wana kompresa ya mkanda yenye tangi la lita 300, anaitia matone mawili ya mafuta asubuhi na inafungua nati za Noah na Hiace kutwa nzima bila kupumzika.