Unga wa kufukuza nyoka, na mpira wa mlango wa elfu kumi na nane

Naanza na bei nisimpotezee mtu muda. Unga wa kufukuza nyoka 15,000, mkamata nyoka 40,000, mpira wa chini ya mlango 18,000. Kilichonisaidia ni hicho cha tatu, nami ndicho nilichonunua mwisho.

Tunakaa Moshono, Arusha, jirani na kiwanja ambacho mwenyewe alimwaga msingi akaishia hapo. Masika nyasi za humo zinafika kiunoni. Mwezi wa nne dada wa kazi akaokota gamba la nyoka nyuma ya karo, jepesi kama ganda la kitunguu. Siku ileile nikashuka mjini kununua unga. Kopo la nusu kilo, harufu ileile ya vile vidonge vyeupe vya kabatini. Muuzaji akasema nizungushie nyumba nzima na kwenye vizingiti, miezi mitatu sitaona nyoka. Nikamwaga bila ubahili.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, umeme umekatika, mama watoto anasogeza mtungi wa gesi jikoni. Akaniita kwa jina langu la ubatizo. Mimi kwake ni Baba Glory tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Nikamulika kwa simu: kajikunja nyuma ya mtungi, unene wa kidole gumba, rangi ya chai ya rangi, ametulia kuliko sisi.

Majirani walijaa haraka. Mmoja na chupa ya mafuta ya taa ammwagie, mwingine na kamba na wembe, eti akiuma mtu tuchanje. Vijana wa bodaboda ndio walionipa namba ya mkamata nyoka. Kwenye simu akasema kwanza tutoke jikoni, mlango wa kwenda sebuleni tuuzibe chini kwa blanketi, na mtu mmoja abaki kwa mbali akimtazama, maana nyoka aliyekupotea ndani ya nyumba ndiye wa kukukosesha usingizi. Akafika baada ya dakika 35 na fimbo ya ndoano na ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tatu. Kabla hajafunika akatuonyesha kichwa: mistari miwili myembamba ya rangi ya maziwa kila upande, mmoja ukipita juu ya jicho. Nyoka wa nyumbani, akasema, hana sumu, chakula chake panya na mijusi. Ila akatukataza kujifanya wataalamu siku nyingine, kwa sababu usiku kwa tochi ya simu hata swila unaweza kumwita wa nyumbani, na huyo anakutemea machoni. Mwenye wembe naye akapata yake: aliyeumwa hachanjwi wala hafungwi kamba, anatulizwa na kupelekwa hospitali. Akataja pia kliniki ya pale Meserani Snake Park, njia ya Makuyuni, inayotibu walioumwa.

Kazi nzuri, lakini kwenye simu tulikubaliana 25,000, akaondoka na 40,000, eti bei ya usiku. Angesema mapema ningelipa hivyohivyo bila kununa.

Sasa unga. Kabla hajawasha pikipiki jamaa akaniita mlango wa nyuma, akamulika chini. Kwenye ule mstari mweupe niliouweka kwa uangalifu palikuwa na alama ya kujipinda, laini, kama mtu kapitisha kidole kwenye unga wa ugali. Alipita juu yake. Baadaye nikasoma kuwa Marekani huuzwa mchanganyiko wa naftalini, ile ya vidonge vya kabatini, na salfa kwa kazi hiyohiyo, na watafiti walioujaribu waliona nyoka wakiuvuka tu. Nyota moja, na hiyo ni ya kopo, lina mfuniko mzuri.

Mlango wenyewe una historia. Masika ya mwaka juzi ulivimba ukawa haufungi, fundi akauranda chini. Kiangazi ukasinyaa, ukabaki uwazi wa vidole viwili. Na mimi nikaweka magunia mawili ya mahindi koridoni, hatua nne kutoka hapo. Panya wakaja kwa mahindi, yeye akaja kwa panya.

Mpira nilinunua mara mbili. Ule wa kwanza ni wa sponji uliovishwa kitambaa, 6,000, unachomekwa tu chini ya mlango. Panya waliutafuna ndani ya wiki mbili, na kila ukipiga deki unabaki na maji kama dekio. Usinunue. Wa pili una reli ya alumini na ulimi wa mpira, unafungwa kwa skurubu. Pima mlango kwanza, mimi ilibidi niukate kwa msumeno wa chuma. Fundi alichukua 5,000, na nilimsimamia hadi ulimi ukagusa tailizi pande zote, kwa sababu alitaka kuacha pembeni pawazi “pa kupumulia”. Mahindi yamehamia kwenye mapipa yenye mifuniko. Huu ni mwezi wa tano tangu niufunge, sijaona hata kinyesi cha panya.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kelele: ulimi unakwaruza tailizi, na nikichelewa kurudi mama watoto ameshaamka kabla sijatoa funguo kitasani. Hilo muuzaji hakunitajia.