Wahariri wa insha ya kuombea chuo cha sheria: nawapa nyota nne

Kama unaomba vyuo vya sheria Marekani na historia yako imepinda pinda, hawa watu wa mtandaoni wanafaa kabisa. Mi nimetoka kwenye uuguzi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme. Nilichopenda, mhariri hakutaka niombe radhi kwa hilo, maana JD (digrii ya sheria ya Marekani) inapokea digrii ya kwanza ya fani yoyote, akaniuliza tu wodini uliona nini kikakufanya utake sheria? Nikamwambia kuhusu wagonjwa wanaosaini fomu za ridhaa ambazo hakuna aliyewafafanulia, akasema basi anzia hapo hapo, ufundi umeme weka sentensi moja na usonge, CV ipo itaongea yenyewe. Zile gredi mbovu za mwaka wa kwanza akazihamishia kwenye adenda, karatasi fupi ya pembeni, ili zisinilie kurasa mbili za insha (vyuo vingi ndo kipimo chao hicho).

Nyota moja nimekata sababu wanachelewa kujibu, halafu hitimisho walilopendekeza lilikuwa tamu mno hadi nikaona aibu, nikalifuta. Bei imechangamka kidogo. LSAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria) hawagusi, hiyo utapambana mwenyewe.