Uzoefu Wangu: Ziara ya Siku Moja ya Anren Kutoka Chengdu

Kampuni iliyonipeleka Anren, mji mdogo wa mkoa wa Sichuan, ina magari safi na hutunza muda, na kwa upande huo sina neno. Hata hivyo, anayekwenda kwa ajili ya kuyafahamu Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976, yaani kampeni ya kisiasa iliyoanzishwa na Mao Zedong, kiongozi wa China, asimtegemee mwongoza watalii peke yake.

Makumbusho yaliyoanzishwa na mfanyabiashara Fan Jianchuan yana kumbi nyingi, nami nilivutiwa zaidi na zile za Enzi Nyekundu, yaani enzi ya Mao. Humo mmejaa vikombe, sahani na mabirika ya chai yenye sura ya Mwenyekiti Mao, pamoja na saa za kuamshia ambazo Mlinzi Mwekundu (kijana mfuasi wa Mao) aliyechorwa usoni mwake hupunga kitabu chekundu cha nukuu za Mao kila sekunde inapopita, kana kwamba hata usingizi ulikuwa na msimamizi wa chama. Beji za Mao ni nyingi mno. Zilimaliza alumini kiasi kwamba mwaka 1969 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti iliagiza zisiendelee kutengenezwa ovyo.

Msiliruke jumba la kabaila Liu Wencai, lenye sanamu 114 za udongo zilizofinyangwa mwaka 1965, zikionyesha wakulima waliokondeana wakileta nafaka za kodi ya ardhi. Macho yao ni ya kioo, na ukiyatazama kwa karibu utaelewa jinsi hasira ya kitabaka ilivyokuwa ikifundishwa mwaka mmoja kabla ya vurugu zenyewe kuanza.

Kasoro ni maelezo. Nilipouliza habari za walimu waliopigwa na wanafunzi wao, au za Liu Shaoqi, mkuu wa nchi aliyeng'olewa madarakani na kufia kizuizini Kaifeng mwaka 1969, mwongozaji alijibu kwamba kilikuwa kipindi kigumu, kisha akatuhimiza tuwahi chakula. Simlaumu sana, ingawa chama chenyewe kilikiri rasmi mwaka 1981 kwamba kipindi hicho kilililetea taifa hasara kubwa kuliko kingine chochote tangu 1949. Vijana wapatao milioni 17 waliotolewa mijini na kupelekwa kufanya kazi vijijini hawakutajwa kabisa.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Someni kwanza historia yenyewe, na mwombe kituo cha maduka ya zawadi kifutwe ili muda huo uongezwe kwenye ukumbi wa kauri, wenye vile vikombe na sahani.