Uzoefu wangu: baridi moja ya Minnesota kwenye chekechea ya Kiyahudi

Nianze na swali ninaloulizwa karibu kila Jumapili baada ya ibada: "Mama, mtoto anasoma kwa Wayahudi, kwani mmebadili dini?" Hatujabadili. Sisi ni Walutheri wa Iringa, tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, na binti yetu ana miaka minne. Chekechea hii iko dakika saba kwa gari kutoka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, inapokea watoto wa dini zote, na ilikuwa na nafasi wakati kwingine kote tuliambiwa tusubiri foleni. Basi, ndiyo sababu. Jina la shule silitaji kwa kuwa nina lawama zangu, na wale walimu nawapenda.

Nitazungumzia miezi ya baridi tu, Desemba 2024 hadi Machi 2025, maana hapo ndipo unapoijua chekechea inayofundisha na ile inayowakalisha watoto mbele ya runinga. Mimi Juni ya Iringa naijua, nimekwenda shule na umande wa nyanda za juu miguuni, nikajidanganya kwamba baridi naifahamu. Ya huku inagandisha manyoya ya puani. Nilidhani watoto watafungiwa ndani mpaka Aprili. Wapi! Kanuni yao ni kwamba mradi baridi ukijumlisha na upepo haijashuka chini ya nyuzi 0 za Farenhaiti, yaani kama 18 chini ya sifuri za Selsiasi, watoto wanatoka nje asubuhi na mchana.

Kutoka kwenyewe ni somo. Siku moja nilifika mapema nikakaa kwenye benchi la korido kuwatazama. Watoto kumi na wawili, na hakuna mwalimu aliyekuwa anamvalisha mtu. Ukutani kuna picha kwa mpangilio: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, glavu mwisho, kwa sababu ukitanguliza glavu zipu huifungi tena. Koti wana ujanja wao. Linalazwa sakafuni, upande wa ndani ukitazama juu, kola ikiwa kwenye vidole vya miguu ya mtoto. Anainama, anaingiza mikono, anainua koti na kulipitisha juu ya kichwa mpaka mgongoni. Limeshavaliwa. Binti yangu, ambaye nyumbani nilikuwa namvalisha kama mtoto mchanga, alifanya hivyo mbele yangu halafu akaniangalia kama vile mimi ndiye mgeni. Iliwachukua dakika ishirini na kitu kujiandaa kwa nusu saa ya nje. Mwalimu (wanamwita Mora, ni "mwalimu wa kike" kwa Kiebrania) aliniambia hizo ishirini nazo ni darasa, hana haraka.

Huko nje wanateleza kwenye kilima kidogo, wanachimba mahandaki, wanawatengenezea ndege chakula kwa kupaka koni za msonobari siagi ya alizeti na kuzibiringisha kwenye mbegu. Siku ambazo baridi imepita kiasi, theluji inaletwa ndani kwenye beseni na wanaidondoshea rangi. Ule mchezo wa wanyama wa plastiki waliogandishwa ndani ya mabonge ya barafu, watoto wakiwaokoa kwa chumvi na maji ya uvuguvugu, niliuiga nyumbani. Twiga wetu alikaa kwenye friza wiki nzima.

Sasa Hanukkah, sikukuu ya taa ya Wayahudi, ya siku nane. Mwaka ule usiku wake wa kwanza uliangukia tarehe 25 Desemba yenyewe, jambo ambalo mara ya mwisho lilitokea 2005. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walianza mazoezi mapema na wakamalizia tarehe 2 Januari, siku ya nane, na donati zenye jamu ndani. Kisa wanachosimuliwa ni cha mafuta ya kuwashia taa ya hekalu, yaliyotosha siku moja yakawaka nane, ndiyo maana sikukuu hii ni ya kukaanga: donati, na vile viazi vya kukwaruza vinavyokaangwa kama bhajia bapa. Taa ya sikukuu ina mishumaa tisa, minane ya siku na mmoja wa kuwashia mingine. Kila siku unaongezwa mmoja, na watoto wakawa wanahesabu na kutoa bila kujua kwamba wanafanya hisabati.

Kilichonigusa zaidi ni pia. Ile ya kuzungusha. Yao ni ya mti, ina pande nne, kila upande herufi ya Kiebrania: nuni, gimeli, he, shini, vifupisho vya maneno "muujiza mkubwa ulitokea kule". Ikilalia gimeli unachukua zabibu kavu zote za katikati, he unachukua nusu, nuni hupati kitu, shini unatoa zako. Binti alikuja nayo nyumbani, mume wangu akaishika, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia pia alizochongewa na babu yake na kamba ya kuzichapia. Alikuwa hajawahi kunisimulia.

Kiebrania wanajifunza kwa nyimbo tu. Siku moja ndani ya gari namsikia anahesabu: "shesh, sheva, shmone, tesha." Nikamjibu: sita, saba, nane, tisa. Akacheka mpaka akakwama, alidhani namwigiza. Zile sita, saba na tisa zetu zimetoka kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, basi undugu unajitokeza hata kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alhamisi ni "yom hamishi", siku ya tano. Tatizo ni kwamba sisi tuna Jumatano nayo ni ya tano, na Jumamosi yetu ni siku ya kwanza wakati kwao ndiyo ya saba. Hilo nimeshindwa kumweleza, nikamwambia amuulize baba yake.

Ijumaa ndiyo siku yao kubwa. Asubuhi wanakanda unga wa hala, mkate wa kusuka kama nywele, kila mtoto na kibonge chake. Baadaye wanakaa duara, mwalimu anawasha mishumaa miwili, wanakunywa juisi ya zabibu, na kila mmoja anatumbukiza sarafu kwenye kopo la tsedaka. Sikuhitaji kutafsiriwa: sadaka. Pesa hizo zilipelekwa kwenye ghala la chakula la mtaa. Jioni hiyo tulimpigia simu bibi yake kule Iringa, mtoto akamsalimia "Shabbat shalom, bibi!", yaani Sabato ya amani. Kimya. Kisha mama mkwe, kwa sauti ya msiba: "Mwanangu, mmeingia Wasabato?"

Lakini Ijumaa hiyohiyo ndiyo inayoniumiza. Sabato inaingia jua linapozama, na Desemba hapa jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo shule inafunga saa tisa na nusu. Zamu yangu inaisha saa tisa kamili. Theluji ikianguka mchana, barabara yote ni magari yanayotambaa. Niliwahi kuchelewa dakika 14 na nikatozwa dola 14, dola moja kwa dakika, bila kuulizwa kitu. Walinipa karatasi ya kanuni Agosti, ni kweli, ila mzazi mgeni ataelewaje "tunafunga kabla ya Shabbat" kama hajui Shabbat inaanza lini? Hata ujumbe wao mwingi kwenye simu umejaa maneno ya Kiebrania yasiyoelezwa. Na kwa sikukuu za Septemba na Oktoba jiandae kabisa, siku za kufungwa ni nyingi na ada hailali.

Chakula unabeba mwenyewe, pasipo nyama na pasipo karanga. Nyama wanaikataza isikutane na maziwa, dini yao hairuhusu. Karanga ni kwa ajili ya watoto wenye mzio. Mimi nikapeleka mboga ya majani iliyoungwa karanga, kosa langu, ikarudi haijafunguliwa na mtoto akapewa jibini. Siku hizi ni wali na maharage.

Mlangoni kuna mlinzi na namba ya siri. Mwanzoni iliniudhi, mpaka nikakumbuka sinagogi la Pittsburgh, hukuhuku Marekani, mwaka 2018, ambako watu 11 waliuawa kwa risasi Sabato asubuhi. Sasa namsalimia mlinzi kwa jina.

Tarehe 13 Februari walisherehekea Tu Bishvat, mwaka mpya wa miti. Nje miti yote ni vijiti. Walitoka hivyohivyo, wakapima kwa uzi wa sufu kina cha theluji kwenye shina la mti mmoja uani, wakaukumbatia, wakarudi ndani kula zeituni, tini, komamanga na tende. Kisha kila mtoto akapanda mbegu za pasli kwenye kikombe, zije kuliwa kwenye meza ya Pasaka yao Aprili. Kikombe chetu kilikaa dirishani wiki tatu bila dalili, nikakaribia kukitupa. Kikaota vijani vitano, kimoja kikaliwa kabla ya wakati.

Naipa nyota nne. Mwaka ujao mfuko umetulazimisha kupunguza siku kutoka tano hadi tatu. Kwenye fomu nimejaza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.