Blenda ya mkono kwa supu ya samaki: angalia mguu kabla ya wati

Supu ya samaki na mboga iliyosagwa hushibisha bila kulemea tumbo, na ndiyo kazi inayoonyesha haraka kama blenda ya mkono inafaa au itaishia kabatini. Inakutana na maji ya moto, karoti, nyuzi za tangawizi na samaki anayenata akisagwa kupita kiasi, vyote ndani ya sufuria moja.

Wauzaji huanza na wati. Wewe anza na mguu, yaani ile sehemu ndefu yenye visu inayozama kwenye sufuria. Zile za wati 200 hadi 300 zenye mguu wa plastiki zinatosha uji wa mtoto na parachichi bivu, basi. Kwa supu tafuta wati 600 hivi, mguu wa chuma kisichoshika kutu, tena unaochomoka kwenye mota. Plastiki ikizamishwa kila mara kwenye supu ya moto hupata nyufa karibu na visu, ikanywa rangi ya nyanya na harufu ya samaki. Mguu usiochomoka nao ni taabu kuosha, maana maji hupanda hadi kwenye mota. Ugeuze, utazame kikombe kinachofunika visu: kiwe na nafasi pembeni za kupitisha supu, la sivyo kitajigandisha kwenye kitako cha sufuria.

Kipimo cha watu wanne ni hiki: minofu ya sangara gramu 400, boga gramu 300, karoti mbili, kiazi mviringo kimoja kidogo, kitunguu maji kimoja, punje 3 za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji lita 1. Lainisha kitunguu kwa moto mdogo dakika 6 bila kukibadilisha rangi, kisha tia saumu na tangawizi. Tangawizi ikunwe, isikatwe vipande, kwa sababu nyuzi zake hujisokota kwenye visu. Weka karoti, kiazi, boga na maji, funika dakika 20. Samaki aingie mwisho kabisa, dakika 5 hadi 7 tu. Ukimchemsha tangu mwanzo anakauka, na hata blenda nzuri haitaondoa chengachenga zake ulimini.

Badala ya maji matupu, mchuzi wa mifupa ni bora zaidi. Mwanza wana mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Kwingine kichwa cha samaki mweupe kinatosha. Ondoa matamvua, maana hutia uchungu, chemsha dakika 20 hadi 25, uchuje.

Sasa miba. Blenda haisagi miba, inaivunja na kuificha, na kipande kidogo chenye ncha ndani ya supu laini ni hatari kuliko mwiba mzima unaouona kwenye sahani. Kwa hiyo sangara anafaa kuliko sato: miba yake ni mikubwa na unaipata kwa kupitisha ncha ya kidole juu ya mnofu, kwenda na kurudi. Kama una sato, mchemshe mzima, mchambue kwa vidole akiwa vuguvugu, ndipo umtie kwenye supu. Supu ya mtoto au mzee ipite kwenye chujio hata kama una hakika.

Kusaga kuna mpangilio wake. Ipua sufuria, subiri dakika 5 supu itulie. Toa samaki kwa kijiko chenye matundu. Zamisha mguu kwanza ndipo uwashe; zima kwanza ndipo uutoe, vinginevyo ukuta na mikono vitapata sehemu yao. Visu vifunikwe kabisa na supu. Ikiwa kidogo, inamisha sufuria. Saga mboga sekunde 40 hadi 60, ipumzishe mota, kisha rudisha samaki na umsage kwa mibonyezo mifupi minne au mitano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanashikilia swichi wakitaka ulaini zaidi, na supu inageuka ulimbo. Kiazi nacho hufanya hivyo kwa sababu ya wanga wake, ndiyo maana tumeweka kimoja tu na kuliachia boga kazi ya kuleta uzito. Ikishanata, mchuzi wa moto utaipunguza uzito, lakini ulaini wa mwanzo haurudi. Ndimu na chumvi ya mwisho zitiwe baada ya kusaga. Tui, vijiko 3. Glasi nzima inaondoa wepesi wote.

Blenda ya jagi inatoa supu laini zaidi, hilo tulikubali. Lakini supu ya moto kwenye jagi lililofungwa hukusanya mvuke unaoweza kurusha kifuniko. Lazima ujaze theluthi moja tu, utoe kizibo cha katikati, ufunike kwa kitambaa, urudie mara tatu nne. Kwa mlo wa kila siku, blenda ya mkono inashinda.

Usafi: chomoa waya ukutani kabla kidole hakijakaribia visu. Suuza kwa maji baridi kwanza, kwani ya moto hugandisha mabaki ya samaki kwenye chuma, kisha sabuni, na mwisho ndimu au siki kuondoa harufu.

Ukinunua, omba iwashwe dukani sekunde 10 na ushike mpini. Mtikisiko mkubwa au harufu ya waya unaoungua ni sababu ya kuiacha hapohapo. Soma pia kibandiko cha umeme: iliyotoka Marekani ikiwa ya volti 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 230, hata ukiibadilishia plagi.