Kozi ya sayansi ya data kwa mameneja: siku nne, lakini ya tatu ndiyo unayoilipia

Kozi ni ya siku nne, Dar es Salaam, saa sita kwa siku, ada laki nane na nusu pamoja na chakula cha mchana. Inawalenga mameneja wasioandika programu za kompyuta, hasa wa taasisi za mikopo. Mazoezi ni ya Excel na Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza chati na dashibodi. Python, lugha ya kuandikia programu, unaonyeshwa tu kwenye skrini. Sioni ubaya hapo, maana kazi ya meneja ni kuikagua modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri nani atalipa mkopo; wa kuijenga yupo.

Siku ya kwanza ni kusafisha data, na wakufunzi kazi wanaijua. Wanakupa faili la CSV (data ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) la wakopaji ulifungue kwa kubofya mara mbili, kama tunavyofanya wote ofisini. Papo hapo namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele, 0712 inabaki 712, na ukizioanisha na orodha ya malipo yenye 255712 hakuna kinacholingana. Namba ya NIDA inaumia zaidi: ina tarakimu 20, Excel inatunza 15 tu na zilizobaki inazigeuza sifuri. Ukihifadhi faili hivyo, hazirudi tena. Dawa ni kufungua Excel tupu, kuingia Data, kisha From Text/CSV, kisha Transform Data, na kuzifanya kolamu hizo mbili kuwa Text. Ikikuuliza, chagua Replace current. Ukichagua Add new step umechelewa, tarakimu zimeshakatwa katika hatua iliyotangulia. Kwa hili peke yake wanastahili nyota moja.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inasoma 03/04 kuwa Machi 4 bila onyo lolote, ila 25/04 inaiacha kama maandishi.

Siku ya pili ni chati na dashibodi, ya kawaida tu. Power BI Desktop haiingii kwenye Mac, jambo ambalo waandaaji hawakulisema mapema, kwa hiyo wenye Mac walikaa kutazama kompyuta za wenzao.

Siku ya tatu ndiyo kozi yenyewe. Chukua wakopaji 1,000, kati yao 80 hawatalipa. Modeli inayosema “wote watalipa” inapatia kwa asilimia 92, na haina faida hata chembe. Modeli ya pili inawatilia shaka watu 150: 60 ni kweli wasiolipa, 90 ni wateja wazuri walioonewa, na wabaya 20 wanapenya. Hii inapatia asilimia 89. Ukiangalia asilimia tu utaitupa. Sasa weka fedha: asiyelipa anakula shilingi 400,000, mteja mzuri aliyekataliwa anakukosesha faida ya 60,000. Modeli ya kwanza inagharimu milioni 32. Ya pili ni milioni 8 jumlisha milioni 5.4, yaani milioni 13.4. Kisha kila meza inapandisha na kushusha kiwango cha kukataa mkopo hadi ione gharama inaposhuka zaidi. Hapo ndipo mkurugenzi wa fedha anapoanza kuuliza maswali ya maana.

Mchana wanaleta modeli inayopatia asilimia 99. Ukichungulia kolamu zake unakuta “idadi ya simu za kukumbushwa”. Simu hizo hupigwa baada ya mtu kuchelewesha rejesho, kwa hiyo siku anapoomba mkopo taarifa hiyo haipo. Wanakufundisha kuuliza kila kolamu: hii tunaijua lini?

Siku ya nne, data kubwa, ingefutwa tu. Ni slaidi za Hadoop na Spark, programu za kuchakata data kwa seva nyingi pamoja, mwanzo mwisho, bila zoezi hata moja. Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576, na Power BI inabeba mamilioni. Mwenye mikopo elfu arobaini anahitaji kolamu safi, rundo la seva la nini?

Nimewakata nyota pia kwa faili la mazoezi lenye majina na namba za simu zinazoonekana ni za watu halisi, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na haikutajwa siku zote nne.

Nyota tatu kati ya tano. Wakikukubalia kulipia siku ya kwanza na ya tatu tu, nenda.